Kutu ya Kulelewa

Treni inayotoka Liège kwenda Verviers haina haraka. Ikishaachana na Guillemins, kituo chenye paa kubwa la kioo lililobuniwa na Santiago Calatrava, inaingia bonde la mto Vesdre na kusimama karibu kila kijiji: Chaudfontaine, Trooz, Fraipont, Nessonvaux. Reli hii ni ya mwaka 1843. Bonde lenyewe ni jembamba kiasi kwamba mto, barabara na reli vinagombea nafasi huku chini, na vilima vya msitu vimezibana nyumba kutoka pande zote mbili. Nilikuwa na mwenyeji wangu, mzaliwa wa Lubumbashi anayeishi Liège miaka mingi sasa. Kiswahili chake cha Katanga na changu cha Tabora vilikuwa vikipigana vikumbo njia nzima, na kila tulipokwama tulisaidiwa na kicheko.

Watalii wengi wa bonde hili huishia Chaudfontaine, kwenye maji yanayotoka ardhini na joto la karibu nyuzi 37. Sisi tuliendelea mpaka Nessonvaux, kwa sababu nilitaka kupaona mahali ilipofuliwa mitutu. Katika karne ya 19 wahunzi wa vijiji hivi ndio waliowauzia watengenezaji wa bunduki wa Liège mitutu ya damaski, na mingine ilivuka bahari hadi kwa mafundi wa Birmingham. Ukikuta leo bunduki ya marisau ya miaka ile, yenye mistari iliyojikunja juu ya chuma kama nywele za mtoto, kuna uwezekano mkubwa kwamba chuma hicho kilipita moto wa hapa.

Mtutu wa damaski haukutobolewa kutoka kwenye pande moja la chuma. Mhunzi alipanga vipande vyembamba vya chuma laini na feleji kwa zamu, akaviunganisha kwa moto na nyundo vikawa bonge moja, kisha akalivuta bonge hilo likawa fito. Fito ikarudishwa motoni, ikashikwa ncha zote mbili na kusokotwa. Fito mbili, tatu, hata sita zilizokwisha kusokotwa zililazwa ubavu kwa ubavu zikafuliwa kuwa utepe. Na utepe ukazungushwa kwenye nondo, kingo kwa kingo, na kila mshono ukapigwa nyundo ukiwa wa moto mpaka usijulikane ulipo. Bomba lililotoka hapo lilikuwa zito sana. Lilitobolewa kwa ndani, likasagwa kwa nje, na kazi ilipokwisha ukuta wake kuelekea mdomoni ulikuwa chini ya milimita moja. Magurudumu ya kutobolea na kusagia yaliendeshwa na maji ya Vesdre.

Na baada ya jasho lote hilo, mtutu ulikuwa mweupe tu. Ukiupiga msasa uking'aa, huoni chuma wala feleji, huoni msokoto, huoni kitu. Ua lile, yaani mistari iliyojikunja, halionekani mpaka chuma kishikwe na kutu.

Hili ndilo lililonitoa nyumbani. Tumezoea kudhani kuwa rangi ya bunduki ya kale, ile hudhurungi iliyokolea au ule weusi wenye mistari myeupe, imepakwa juu kama rangi ya mlango. Haikupakwa. Ni kutu. Fundi aliiita, akaipa unyevu, akaikwangua ilipozidi, akaiita tena, mara nyingi, na kwa kuwa chuma laini na feleji havishiki kutu kwa kasi moja, tofauti yao ikajitokeza. Ndiyo maana mkwaruzo mdogo juu ya mtutu wa namna hii ni shida kubwa kuliko unavyoonekana. Huwezi kuchukua brashi ukapaka mahali palipochunika. Lazima uilee kutu nyingine, ifanane na dada yake mwenye umri wa miaka mia na zaidi.

Nessonvaux yenyewe ilikuwa kimya. Karakana za wahunzi zimekwisha. Feleji ya kiwandani ilizishinda, na Vita vya Kwanza vya Dunia vikamalizia. Tuliona zaidi alama za maji. Julai 2021 Vesdre, mto ambao siku tuliyokwenda sisi ungeuvuka huku umekunja suruali, ulipanda ukaingia majumbani katika bonde zima, watu wakafa, na wilaya ya Trooz ikawa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Bado kulikuwa na nyumba zilizofungwa kwa mbao madirishani na kuta zenye mstari wa matope juu ya kimo cha mtu. Mama mmoja alituona tukiutazama mstari ule. Hakutuuliza sisi ni nani. Alinyanyua mkono juu ya kichwa chake kutuonyesha maji yalifika wapi, akaingia ndani.

Fundi wa kurekebisha rangi ya mitutu tuliyemwendea haishi kule bondeni. Karakana yake iko mjini Liège, mtaa wa Outremeuse, ng'ambo ya mto Meuse. Ni mzee wa maneno machache, mwenye vidole vyenye weusi ambao sabuni haitauondoa tena. Alikuwa akiongea Kifaransa, mwenyeji wangu akinigeuzia, na kila sentensi ilianza kwa heshima ya Lubumbashi: "Papa anasema." Papa anasema vaa glavu. Papa anasema usipumulie chuma. Papa anasema kama una swali, uliza mbali na meza.

Mezani palikuwa na bunduki ya mitutu miwili, mitutu ikiwa imetolewa kwenye kitako. Aliigeuza juu chini ili nione alama za ukaguzi. Liège imekuwa na ofisi ya kupima mitutu kwa baruti tangu mwaka 1672, na muhuri wake ni herufi ELG na nyota ndani ya umbo la yai. Mwaka 1893 taji liliongezwa juu ya yai hilo. Muhuri huu haukuwa na taji. Basi kwa kutazama tu, bila karatasi yoyote, ulijua kwamba bunduki hii ilipimwa kabla ya mwaka huo.

Ilikuwa na mikwaruzo miwili. Mmoja ulikuwa karibu na mdomo, mfupi na mwembamba, uliofanywa na zipu ya mkoba wa kubebea. Wa pili ulikuwa nyuma, karibu na chemba ya risasi, mrefu kiasi na wa zamani, umeshaingia giza ndani yake. Mwenye bunduki alitaka yote iondoke.

Kabla ya kugusa chochote fundi alitoa sandukuni mtutu mwingine na kuuweka chini ya taa. Ulikuwa wa damaski, wenye ua zuri la mviringo, na katikati ya ua palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa kucha. Mtu alikuwa ameona mkwaruzo, akanunua kichupa cha dawa ya kutia weusi papo kwa papo, akapangusia. Dawa hizo kwa kawaida huwa na chumvi za seleni na shaba. Zinaacha utando mweusi juu ya chuma kwa sekunde chache, na utando huo haubagui: unafunika chuma laini na feleji vilevile. Ua linazama. Baada ya muda utando unachakaa kwa kushikwa tu, linabaki doa lenye rangi ya chai iliyolala. Fundi hakusema neno baya juu ya aliyefanya hivyo. Aliuzungusha mtutu taratibu ili tuone kwamba kuondoa doa kutahitaji kuondoa rangi ya mtutu mzima.

Hapo ndipo penye hatari. Kuondoa rangi yote ni kusugua, na kusugua ni kupunguza chuma ambacho tayari ni chembamba. Mtutu wa damaski ulipimwa kwa baruti nyeusi ukiwa na unene fulani. Kila anayeung'arisha upya anachukua sehemu ya ukuta ule ule unaozuia mlipuko usiufikie mkono wa kushoto. Uingereza wana sheria za upimaji wa mitutu tangu mwaka 1868 zinazokataza kuuza bunduki ambayo vipimo vyake vimeshatoka kwenye ukaguzi. Niliona mitutu iliyong'arishwa hivyo ukutani mwa karakana, ilipendeza kutoka mbali. Ukiisogelea, herufi za mtengenezaji zimelika nusu na muhuri umebaki kivuli.

Tena kuna balaa jingine, la birika la chumvi kali za moto zinazotumika kutia bunduki za kisasa rangi nyeusi. Bunduki ya kale ya mitutu miwili imeunganishwa kwa utepe wa chuma katikati, na utepe huo umeshikwa kwa lehemu ya risasi na bati. Chumvi zile zinaitafuna lehemu. Zinaingia chini ya utepe zisitoke, na baada ya miezi mitutu inaanza kutoa unga mweupe na kulegea. Mzee alipiga mtutu kwa ukucha ili nisikie unavyolia ukiwa mzima. Ulilia kwa muda mrefu.

Kisha akaanza na mkwaruzo wa zipu. Aliutazama kwa lenzi, kimya, kwa muda ambao mimi ningeshamaliza kazi nzima. Alikuwa akitafuta kingo. Kitu chenye ncha kikipita juu ya chuma hakiondoi chuma chote. Kingine hukisukuma pembeni kikainuka, na kingo hizo zilizoinuka ndizo jicho linazoziona kwanza. Alichukua kipande cha feleji kilichong'arishwa, akakibonyeza juu ya kingo na kuzilaza, akirudia kwa urefu wa mkwaruzo, bila kuondoa hata chembe. Alipomaliza, nusu ya mkwaruzo ilikuwa imepotea machoni, na bado hakuna dawa iliyotumika.

Baada ya hapo ni usafi. Asetoni kwenye kitambaa, kisha kitambaa kingine, kisha kingine, mpaka kitoke kama kilivyoingia. Jasho la kidole likibaki, kutu haitashika pale, na alama ya kidole itaonekana mpaka mwisho wa dunia. Dawa yake ilikuwa katika chupa ndogo ya kahawia isiyo na maandishi. Aliniambia kilichomo kwa jumla: chumvi ya chuma, tindikali ya naitriki kidogo, mrututu, maji. Mapishi ya zamani yalikuwa na chumvi ya zebaki pia, na mafundi wa karne ile waliivuta puani maisha yao yote. Alichovya kijiti cha pamba, akakikamua ukingoni mwa chupa, akakipangusa tena kwenye karatasi, na kijiti kilichobaki karibu kikavu ndicho alichokipitisha juu ya mkwaruzo. Mara moja. Hakurudia. Dawa ikizidi inatiririka, na ikitiririka inakula rangi nzima iliyo jirani.

Mitutu ikaingia kwenye kabati la mbao lenye beseni la maji chini yake, mlango ukafungwa. "Papa anasema mwende mkatembee."

Tukatembea. Ilikuwa Jumapili, na Jumapili Liège huwa na soko la La Batte kando ya Meuse, mwendo mrefu wa meza za jibini, kuku wa kuchoma, nguo na ndege wa kufugwa. Mwenyeji wangu alinunua pilipili kwa mama wa Kikongo aliyetuita "bana yangu" kabla hatujafungua kinywa, akatuongeza fungu la bure aliposikia nimetoka upande wa Tanganyika.

Juu ya soko hilo, ukingoni mwa mto huohuo, yapo makumbusho ya Grand Curtius. Jumba lake kuu lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 17 kwa ajili ya Jean Curtius, mfanyabiashara aliyetajirika kwa kuuza baruti. Ndani mna mkusanyiko wa silaha ambao mji ulianza kuuonyesha mwaka 1885, na mna picha ya Napoleon iliyochorwa na Ingres, lakini mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye mitutu. Kulikuwa na damaski za kila ua, zilizolelewa na mafundi waliokuwa wakishindana. Nilisimama hapo mpaka miguu ikauma. Uzuri wake ni wa kweli, na sitaki kuusingizia.

Lakini Mwafrika wa Mashariki hawezi kusimama katika vyumba vile akaona ua tu. Mwaka 1888 Charles Euan-Smith, konseli mkuu wa Uingereza kule Zanzibar, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia kwa mwaka. Ziliingia bara kwa njia ya misafara ya pembe na watumwa, zikapita Tabora kwetu. Miaka miwili baadaye, Julai 1890, mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels na kuzuia silaha za kisasa zisiuzwe Afrika, kuanzia latitudo ya nyuzi 20 kaskazini hadi 22 kusini. Bunduki za gumegume, zisizo na mifereji ndani ya mtutu, ziliruhusiwa. Basi karakana za mji huu, ambazo zilikuwa na uwezo wa kusokota damaski ya fito sita, ziliendelea kutengeneza gumegume za kuuza Afrika wakati Ulaya ilikuwa imeziacha zamani. Mtu mmoja aliletewa ua, mwingine akaletewa bomba. Nayasema haya kwa sababu katika nyumba nyingi za Unyamwezi gobori la babu lilikuwa kitu cha kuheshimiwa, likipakwa mafuta na kufungwa kitambaa, na hakuna makumbusho yaliyoujali mkwaruzo wake. Lilistahili lenzi ileile.

Tuliporudi Outremeuse, mkwaruzo ulikuwa umeota manyoya mekundu, laini, ya kutu mbichi. Nilishtuka kidogo, mtu asiyejua angedhani bunduki imeharibika. Fundi aliridhika. Alichemsha maji yaliyosafishwa kwa mvuke, kwa sababu maji ya bomba ya Liège yana chokaa inayoacha madoa, akayamimina polepole juu ya mahali pale, na mbele ya macho yetu wekundu ukageuka weusi. Kutu nyekundu ni oksidi yenye unyevu ndani yake, ambayo haitulii na huendelea kula. Maji ya moto huigeuza magnetiti, oksidi nyeusi ambayo imekamatana na chuma. Kisha akachukua stiliwaya laini kuliko zote, namba 0000, iliyokwisha kuoshwa mafuta yake, akapita juu ya weusi huo kwa uzito wa unyoya. Unga ukatoka. Kilichobaki chini yake kilikuwa kivuli chepesi cha hudhurungi.

Kivuli tu. Nilidhani tumemaliza, kumbe ndiyo kwanza. Kijiti cha pamba tena, kabati tena, maji tena. Karakana zilizotia rangi mitutu mipya zilirudia hivi kwa siku kadhaa, na mitutu iliyotakiwa kuwa myeusi na myeupe ilichemshwa hata katika maji ya magogo ya kampeche, mti wa rangi kutoka Amerika ya Kati. Kwa mkwaruzo, kazi ni ndogo lakini kikomo chake ni kigumu zaidi, kwa sababu lazima usimame kwenye rangi ya jirani na si kuipita. Mzee alipendelea kusimama mapema. Mkwaruzo ulio mwepesi kidogo kuliko mtutu, alisema, jicho linausamehe. Ulio mweusi zaidi haufichiki.

Katika mzunguko wa mwisho niliouona, mistari ya ua ilianza kuvuka mkwaruzo. Sijui niieleze vipi bila kuizidisha. Msokoto uliofanywa na mhunzi wa Nessonvaux zaidi ya miaka mia iliyopita ulitokeza katika kovu la zipu ya juzi, kwa sababu ulikuwamo ndani ya chuma muda wote, unene wote. Dawa ya kichupa isingeweza kufanya hivyo hata kwa bei gani. Fundi aliosha sehemu ile kwa maji yenye soda ya kupikia ili kuua tindikali, akaikausha kwa joto, akaipaka mafuta na kuiacha ilale.

Nikamwuliza kuhusu watu wa bonde, baada ya mafuriko. Alisema walimletea bunduki za wazazi wao zilizokaa kwenye matope. Kutu hiyo ilikuwa ya aina nyingine, ya kujilea yenyewe, iliyochimba mashimo mahali palipolala tope na kuacha pengine peupe. Alizisafisha, akaituliza kutu, akazipaka nta. Hakujaribu kurudisha ua la hata moja. Wenye nyumba walitaka bunduki itulie isiendelee kuoza, na mtutu wenye alama za mwaka 2021 una haki ya kuwa nazo.

Ukabaki mkwaruzo wa pili, ule wa karibu na chemba. Alipima unene wa ukuta mahali pale kwa kifaa chake, akaandika namba kwenye daftari, akapima ubavu wa pili, akaandika. Ulikuwa na kina ambacho kulaza kingo hakutoshi. Kuuondoa kungetaka kusawazisha chuma chote cha jirani, mahali ambapo shinikizo la baruti ni kubwa kuliko popote. Tena ndani yake ulikuwa umeshageuka hudhurungi wenyewe, kwa hewa na mikono ya watu. Aliupitishia kitambaa cha mafuta tu.

Mwenye bunduki alikuja jioni, mtu mzima wa heshima, na alitaka kubisha. Mzee alimpa lenzi. Alimwonyesha kwanza mahali palipokuwa na mkwaruzo wa zipu, na ilimchukua muda kupatafuta. Kisha akamwonyesha namba daftarini, akamweleza bei ya kuugusa mkwaruzo wa pili na hasara ya kuugusa, na kwamba hataugusa kwa bei yoyote. Walizungumza kwa sauti ya chini. Mwenyeji wangu aliacha kunigeuzia, kwa adabu. Mwishowe yule bwana alilipia mkwaruzo mmoja, akanunua kopo dogo la nta, ya aina ambayo wataalamu wa British Museum waliibuni katika miaka ya 1950 kwa ajili ya vitu vya makumbusho, na akaulizia mkoba wa kubebea usio na zipu.

Nami nilinunua kopo la nta hiyohiyo. Tabora haina chumvi ya bahari hewani, lakini msimu wa mvua unatosha kuamsha kutu ambayo hakuna aliyeiita. Papa aliandika maelekezo kwenye kipande cha karatasi: safisha kwa kitambaa kikavu, nta nyembamba, ngoja, sugua kwa pamba, usiweke chuma kwenye ngozi wala sufu iliyofungwa, vinanyonya maji, shika kwa glavu au shika kitako. Chini yake aliongeza mstari mmoja, na mwenyeji wangu akaunyoosha kwa Kiswahili palepale mlangoni: ukikuta mkwaruzo, niandikie kwanza kabla ya kununua chupa.